Frank Marshall

Frank James Marshall (10 Agosti 1877 – 9 Novemba 1944) alikuwa mchezaji wa sataranji kutoka Marekani. Alikuwa bingwa wa nchi yake kwa miaka 27, kuanzia mwaka 1909 hadi mwaka 1936, na katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 alihesabiwa kati ya wachezaji hodari kabisa duniani. Aliongoza timu ya Marekani iliyotwaa medali ya dhahabu mara nne mfululizo katika Olimpiadi ya Sataranji, na alianzisha mjini New York klabu ambayo bado ipo na ina jina lake.

Hata hivyo jina la Marshall linatajwa zaidi kwa sababu ya mchezo ambao alishindwa. Tarehe 23 Oktoba 1918 alicheza dhidi ya José Raúl Capablanca wa Kuba akitumia mbinu mpya katika ufunguzi wa Kihispania. Capablanca alijitetea na kushinda, lakini mbinu yenyewe haikufa. Leo inaitwa Shambulizi la Marshall na hutumiwa hadi katika mapambano ya ubingwa wa dunia.

Maisha ya awali

Marshall alizaliwa katika jiji la New York. Alipokuwa na umri wa miaka 8 familia yake ilihamia Montreal nchini Kanada, na huko ndiko alikokulia. Alifundishwa sataranji na baba yake akiwa na miaka 10. Baada ya muda mfupi mwanafunzi alimpita mwalimu, akaanza kutafuta wapinzani katika vilabu vya mji.

Mwaka 1893 Wilhelm Steinitz, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alitembelea Montreal akacheza na watu wengi kwa wakati mmoja. Marshall, kijana wa miaka 16 hivi, alikuwa mmojawapo. Alishindwa, lakini mchezo wake ulionyesha kipaji kilichomtofautisha na wengine. Alipofikia umri wa miaka 19 hivi alikuwa amerudi New York, na kuanzia hapo sataranji ilikuwa kazi yake hadi mwisho wa maisha.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Mchezaji aliishi kwa zawadi za mashindano, kwa dau, kwa masomo aliyowapa wanafunzi na kwa maonyesho ambamo alicheza dhidi ya watu kadhaa pamoja. Marshall alikuwa hodari sana katika maonyesho ya namna hiyo. Mjini Montreal mwaka 1922 alikabili watu 155 kwa mkupuo, akashinda michezo 126, akatoka sare 21 na kupoteza 8 tu.

Kuingia katika mashindano makubwa

Ulaya ilimfahamu Marshall mwaka 1900 katika mashindano ya Paris. Alimshinda Emanuel Lasker, bingwa wa dunia aliyempokea Steinitz, akamshinda pia Mmarekani mwenzake Harry Nelson Pillsbury. Mwishoni alishika nafasi ya tatu pamoja na Géza Maróczy wa Hungaria.

Miaka iliyofuata matokeo yake yalipanda na kushuka. Marshall alipenda kushambulia tangu hatua za mwanzo. Alikuwa tayari kutoa kafara kete zake ili kumfikia mfalme wa mpinzani, na mara nyingi alifanya hivyo hata pale ambapo subira ingefaa zaidi. Siku ambazo mashambulizi yalifaulu aliweza kumshinda mtu yeyote. Siku nyingine alipoteza kwa wachezaji wa kawaida.

Ushindi wake mkubwa kuliko wote ulikuja mwaka 1904 huko Cambridge Springs, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Katika michezo 15 alipata pointi 13 bila kupoteza hata mchezo mmoja. Lasker na Dawid Janowski walimfuata wakiwa na pointi 11 kila mmoja. Kuwatangulia wawili hao kwa pointi 2 nzima lilikuwa jambo ambalo wachache walilitegemea. Miaka miwili baadaye Marshall alishinda pia mashindano ya Nuremberg nchini Ujerumani.

Marshall alijulikana vilevile kwa uwezo wa kujinasua katika hali iliyoonekana kuwa ya kushindwa. Alipozidiwa hakungoja mwisho kwa utulivu, bali alitega mitego ambayo mpinzani aliyekwisha kuhesabu ushindi aliweza kuikanyaga. Mwaka 1914 alichapisha kitabu kizima juu ya hila hizo.

Pambano dhidi ya Lasker

Baada ya mafanikio hayo Marshall alipata nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia. Pambano dhidi ya Lasker lilifanyika mwaka 1907 katika miji kadhaa ya Marekani, ikiwemo New York, Philadelphia, Washington, Chicago na Memphis. Mshindi alikuwa yule atakayetangulia kufikisha ushindi wa michezo 8.

Marshall hakushinda hata mchezo mmoja. Lasker alishinda michezo 8, na 7 ikaisha kwa sare. Pambano hilo lilionyesha tofauti kati ya mashindano ya watu wengi na pambano la watu wawili. Katika mashindano, mchezaji anayehatarisha mambo huweza kuwashinda wanyonge na kupanda juu. Katika pambano refu dhidi ya mtu mmoja mwenye uwezo mkubwa wa kujitetea, kila kosa dogo hulipiwa.

Kukutana na Capablanca

Mwaka 1909 Marshall alikubali kucheza pambano dhidi ya José Raúl Capablanca, kijana wa miaka 20 kutoka Kuba aliyekuwa akiishi New York. Capablanca alikuwa bado hajacheza katika mashindano yoyote makubwa ya kimataifa, na wengi walitazamia kwamba Marshall angeshinda bila shida. Kinyume chake, Capablanca alishinda michezo 8, Marshall akashinda mmoja tu, na 14 ikaisha kwa sare.

Pambano hilo liligeuza maisha ya wote wawili. Kwa sababu ya ushindi wake Capablanca aliruhusiwa kushiriki mashindano ya San Sebastián nchini Hispania mwaka 1911 ingawa hakuwa na sifa zilizodaiwa kwa washiriki wengine, naye akashika nafasi ya kwanza. Kwa upande wa Marshall, tangu mwaka 1909 alijua kwamba katika mji wake mwenyewe yupo mtu anayemzidi. Namna ya Capablanca ilikuwa wazi na rahisi kwa macho: aliweka kete zake mahali panapofaa, akangoja udhaifu, na katika hatua za mwisho za mchezo hakukosea. Mashambulizi ya kubahatisha hayakumtisha.

Bingwa wa Marekani

Mwaka huohuo wa 1909 Marshall alipata cheo alichokitunza kwa muda mrefu. Pillsbury, aliyekuwa bingwa wa Marekani, alikuwa amefariki mwaka 1906. Marshall alimshinda Jackson Showalter katika pambano huko Lexington, jimbo la Kentucky, akatambuliwa kuwa bingwa.

Wakati ule cheo hicho kilitetewa kwa mapambano ya watu wawili, na mapambano yalihitaji fedha ambazo hazikupatikana kwa urahisi. Marshall alilazimika kukitetea mwaka 1923 dhidi ya Edward Lasker, mhandisi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani na ambaye hapaswi kuchanganywa na bingwa wa dunia Emanuel Lasker. Katika michezo 18 Marshall alishinda 5, akapoteza 4 na kutoka sare 9.

Mchezo wa sarafu za dhahabu

Mfano unaojulikana zaidi wa namna yake ya kushambulia ni mchezo wa mwaka 1912 dhidi ya Mrusi Stefan Levitsky. Ulichezwa mjini Breslau, ambao leo ni mji wa Wrocław nchini Poland. Katika hatua ya 23 Marshall aliyekuwa na kete nyeusi alimweka malkia wake kwenye mraba g3, mahali ambapo angeweza kuchukuliwa kwa njia tatu: na askari mmoja, na askari wa pili, au na malkia wa Levitsky. Njia zote tatu zilielekea kushindwa kwa Levitsky, na kumwacha malkia huyo bila kumgusa hakukusaidia. Levitsky alisalimu amri papo hapo.

Marshall alisimulia kwamba watazamaji waliofurahi waliitupia meza sarafu za dhahabu. Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vingi. Wengine wamekieleza kwa njia nyingine, kwamba sarafu hizo zilikuwa malipo ya watu waliokuwa wameweka dau juu ya mchezo.

St. Petersburg na vita

Katika mashindano makubwa ya St. Petersburg mwaka 1914 Marshall alikuwa mmoja wa wachezaji watano waliofika hatua ya fainali. Wengine walikuwa Lasker aliyeshinda, Capablanca aliyekuwa wa pili, Alexander Alekhine na Siegbert Tarrasch. Marshall alishika nafasi ya tano. Mara nyingi husimuliwa kwamba Tsar Nikolai II aliwapa watano hao jina la mabingwa wakuu. Kisa hicho kimo katika kumbukumbu za Marshall za mwaka 1942, lakini wanahistoria wa sataranji hawakupata ushahidi wa wakati ule unaokithibitisha.

Miezi michache baadaye Marshall alikuwa akicheza Mannheim, Ujerumani, wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka. Mashindano yalivunjika. Wachezaji wa Urusi walikamatwa na kuzuiliwa, bali Marshall, raia wa nchi ambayo bado haikuwa vitani, aliweza kurudi nyumbani.

Vita ilifunga mashindano mengi ya Ulaya kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo New York ikawa mojawapo ya miji michache ambamo mashindano ya kimataifa yaliendelea. Mwaka 1915 Marshall alifungua mjini humo chumba cha sataranji ambacho kilikua na kuwa Klabu ya Sataranji ya Marshall. Mke wake Caroline, ambaye walioana mwaka 1905, alishughulikia uendeshaji wa klabu. Tangu mwaka 1931 klabu hiyo ipo katika nyumba namba 23 ya barabara ya West 10th.

Mchezo wa New York, 1918

Mnamo Oktoba 1918 Klabu ya Sataranji ya Manhattan iliandaa mashindano ya wachezaji saba. Kila mmoja alicheza mara mbili na kila mwenzake. Mchezo kati ya Capablanca na Marshall ulichezwa tarehe 23 Oktoba, Capablanca akiwa na kete nyeupe.

Capablanca alikuwa katika kipindi bora cha maisha yake. Mara yake ya mwisho kupoteza mchezo katika mashindano ilikuwa Februari 1916. Baada ya hapo hakupoteza tena hadi Machi 1924, yaani kwa miaka minane. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1921, alimshinda Lasker na kuwa bingwa wa dunia. Mchezo wa Oktoba 1918 ni mmoja wa ile iliyoukaribia zaidi mwisho wa mfululizo huo.

Ufunguzi

Ubao wa sataranji una miraba 64. Safu za wima hutajwa kwa herufi a hadi h, na mistari ya mlalo kwa namba 1 hadi 8. Kete nyeupe huanza katika mistari ya 1 na 2, kete nyeusi katika mistari ya 7 na 8.

Mchezo ulianza kwa ufunguzi wa Kihispania, unaoitwa pia Ruy Lopez kwa jina la padre wa Hispania aliyeuchambua katika karne ya 16. Kila upande husogeza askari aliye mbele ya mfalme hatua mbili, kisha hutoa farasi. Nyeupe humpeleka askofu kwenye b5, ambapo anamtishia farasi wa nyeusi anayemlinda askari wa e5. Shinikizo kwa askari huyo ndilo kiini cha ufunguzi huu. Kwa kawaida nyeusi humlinda kwa hatua za pole pole na kukubali kubanwa kidogo kwa muda mrefu.

Baada ya hatua 7 pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kuwaficha wafalme wao pembeni. Katika hatua ya 8 Capablanca alimsogeza askari c3, akijiandaa kusukuma askari mwingine hadi d4 na kuitawala katikati. Hapo Marshall hakusogeza askari wake hadi d6 kama ilivyozoeleka. Alimsukuma hadi d5.

Maana ya hatua hiyo ni kumwacha askari wa e5 achukuliwe. Askari wa d5 akichukuliwa na farasi mweusi akamlipiza, farasi mweupe anaweza kumla askari wa e5. Nyeupe anapata askari mmoja zaidi. Nyeusi anapata kitu kingine: kete za nyeupe za upande wa malkia bado zimelala katika miraba yake ya mwanzo, farasi mweupe aliyekuwa akimlinda mfalme ameondoka, na maaskofu wawili wa nyeusi pamoja na malkia wana njia wazi kuelekea kwa mfalme huyo. Ni biashara ya mali kwa muda. Nyeusi asipoutumia muda huo haraka, nyeupe atatoa kete zake na askari wa ziada atahesabika mwishoni.

Mwenendo wa mchezo

Capablanca alitambua mara moja kwamba mpinzani wake alikuwa ameandaa jambo nyumbani. Angeweza kuukataa mtego. Katika kitabu chake cha mwaka 1921 alieleza kwamba alijua hatari ya kuingia katika uwanja ambao Marshall aliufahamu na yeye hakuufahamu, lakini aliona kwamba ujuzi wake unajaribiwa na mtu mwenye kila sababu ya kuuogopa, hivyo akakubali. Alimchukua askari.

Marshall alimrudisha farasi wake f6, akampeleka askofu d6, kisha farasi akaruka hadi g4. Capablanca alikuwa ametoka tu kumsogeza askari h3 ili kumzuia farasi huyo, lakini kumchukua kungemfungulia malkia mweusi mlango wa kumfikia mfalme. Capablanca alimtoa malkia wake f3. Malkia mweusi akaja h4.

Katika hatua ya 15 Marshall alimtoa kafara farasi kwenye f2. Malkia mweupe angemchukua, nyeusi angemsumbua mfalme kwa askofu, kwanza h2 kisha g3, na shambulizi lingekuwa la kushinda. Capablanca hakuchukua. Alisogeza ngome yake hadi e2, hatua tulivu iliyoleta kete nyingine katika ulinzi. Marshall akatoa askofu wa pili kafara kwenye g4. Askofu huyo alichukuliwa.

Sasa mfalme mweupe alilazimika kutoka mafichoni. Alikwenda f1, halafu e2, kisha d3 na mwisho c2, akivuka katikati ya ubao huku kete nyingi zikiwa bado zimesimama. Kwa mchezaji wa kawaida safari kama hiyo huishia katika kifo cha mfalme. Capablanca alihesabu kwamba upande wa pili kuna usalama. Katika njia hiyo alitoa ngome moja, lakini alikuwa amechukua farasi na askofu, na mashambulizi ya Marshall yalianza kupungua nguvu kadiri mfalme alivyosonga mbali.

Kufikia hatua ya 25 malkia mweusi na askofu wake walikuwa wamekwama katika kona ya upande wa nyeupe, mbali na mahali ambapo mchezo ulikuwa umehamia. Capablanca aligeuza mwelekeo. Alisukuma askari wake wa upande wa malkia, akafungua njia kwa ngome iliyokuwa haijasogea tangu mwanzo, na askari mmoja akafika b7, hatua moja kabla ya kugeuka kuwa malkia. Katika hatua ya 36 askofu mweupe alimchukua askari wa f7 na kumtishia mfalme. Mfalme mweusi hakuwa na njia ya kuepuka mati, na mchezo ukaisha.

Mashindano yalipomalizika Capablanca alikuwa wa kwanza kwa pointi 10½ kati ya 12. Boris Kostić alikuwa wa pili kwa pointi 9, na Marshall wa tatu kwa pointi 7.

Kisa cha kungoja miaka tisa

Husimuliwa mara kwa mara kwamba Marshall aliigundua mbinu hii baada ya kushindwa mwaka 1909, kwamba aliificha kwa miaka tisa bila kumwambia mtu, na kwamba aliitunza kwa ajili ya Capablanca peke yake.

Kisa hicho kinapendwa, lakini hakilingani na kumbukumbu za michezo. Wazo la kumsukuma askari hadi d5 lilikwisha kuonekana katika mchezo uliochezwa Havana mwaka 1893. Marshall mwenyewe alicheza mbinu ya jinsi hiyo New York mwaka 1917, mwaka mmoja kabla ya kukutana na Capablanca katika mashindano ya Manhattan. Kinachobaki ni kwamba aliichambua mbinu hii kwa undani kuliko watu waliomtangulia, na kwamba aliithubutu dhidi ya mchezaji mgumu kushindwa kuliko wote wa wakati huo.

Shambulizi la Marshall baada ya 1918

Kushindwa kwa Marshall kungeweza kuifuta mbinu hiyo. Ufunguzi mpya unaoshindwa mbele ya watu kwa kawaida hausahauliki kwa heri. Lakini wachambuzi waliopitia mchezo walikuta kwamba kosa halikuwa katika wazo la d5 lenyewe. Marshall alianza kulirekebisha. Badala ya kumrudisha farasi f6 katika hatua ya 11, farasi huachwa d5 na kulindwa na askari anayesogezwa c6. Kutoka hapo askofu huenda d6 na malkia h4, na nyeusi hana haja ya kutoa kafara haraka. Hatua hiyo ya c6 ndiyo njia kuu hadi leo.

Boris Spassky alilitumia Shambulizi la Marshall dhidi ya Mikhail Tal katika fainali ya wagombea ya mwaka 1965, naye akashinda pambano hilo. Michael Adams wa Uingereza na Levon Aronian wa Armenia ni kati ya wachezaji wa baadaye waliolifanya kuwa silaha yao ya kudumu. Wengine wenye kete nyeupe, Garry Kasparov miongoni mwao, waliona afadhali kuliepuka. Hatua za kuliepuka, kama kusogeza askari a4 au h3 katika hatua ya 8 badala ya c3, zimekuwa tawi zima la ufunguzi wa Kihispania na huitwa njia za kumpinga Marshall.

Mwaka 2004 shambulizi hili lilionekana katika pambano la ubingwa wa dunia kati ya Vladimir Kramnik wa Urusi na Péter Lékó wa Hungaria, lililofanyika Brissago nchini Uswisi. Katika mchezo wa 8 ni Kramnik mwenye kete nyeupe aliyefika na maandalizi ya nyumbani yaliyofanywa kwa msaada wa kompyuta. Lékó mwenye kete nyeusi aliligundua kosa lililokuwamo akiwa mezani, bila msaada wowote, akashinda. Hali ya 1918 ilijirudia kwa kugeuzwa: aliyeandaa alishindwa na aliyefikiri papo hapo, ila safari hii ushindi ulikuwa wa upande wa Marshall.

Miaka ya mwisho

Katika mashindano ya New York mwaka 1924, yaliyowakutanisha Lasker, Capablanca na Alekhine, Marshall alishika nafasi ya nne nyuma yao. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Katika miaka ya 1930 alikuwa nahodha wa timu ya Marekani katika Olimpiadi ya Sataranji. Timu hiyo ilitwaa dhahabu Prague mwaka 1931, Folkestone mwaka 1933, Warsaw mwaka 1935 na Stockholm mwaka 1937. Wenzake wengi walikuwa vijana, na yeye alikuwa mzee wao aliyecheza pamoja nao.

Mwaka 1936 Marshall aliuachia ubingwa wa Marekani kwa hiari yake ili mshindi apatikane kwa mashindano ya wazi. Samuel Reshevsky alishinda mashindano ya kwanza ya namna hiyo mwaka huohuo. Tangu hapo ubingwa wa nchi hautegemei tena uwezo wa mgombea kutafuta fedha za pambano.

Mwaka 1942 Marshall alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake za miaka hamsini ya sataranji, pamoja na michezo yake bora. Capablanca alifariki New York mwaka huohuo. Marshall alifariki tarehe 9 Novemba 1944 huko Jersey City, jimbo la New Jersey, akiwa na umri wa miaka 67. Caroline aliendelea kuiongoza klabu baada ya kifo chake.

Urithi

Klabu ya Marshall iliendelea kuwa mahali pa matukio makubwa. Tarehe 17 Oktoba 1956 Bobby Fischer, akiwa na miaka 13, alimshinda humo Donald Byrne kwa kumtoa malkia kafara katika mchezo ulioitwa mchezo wa karne. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilimkatalia Fischer ruhusa ya kusafiri hadi Havana kwa mashindano ya kumkumbuka Capablanca. Alicheza akiwa New York, katika jengo la Klabu ya Marshall, na hatua zake zilitumwa Kuba kwa teleksi. Hivyo mashindano yenye jina la Capablanca yalichezwa kwa sehemu katika nyumba ya Marshall.

Marshall hakuwa bingwa wa dunia, na dhidi ya Lasker na Capablanca alishinda mara chache sana. Majina ya washindi wengi wa wakati wake yamebaki katika majedwali ya matokeo. Jina lake hutajwa kila siku na wanafunzi wa sataranji duniani kote, kwa sababu askari mweusi anapofika d5 katika hatua ya 8 ya ufunguzi wa Kihispania, wote wawili walioketi mezani wanajua anayefuatwa ni nani.